Meza Ndefu ya Kakheti

Katika mji mkongwe wa Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, kuna uchochoro wa mikahawa uitwao Shardeni, na hapo ameketi mtu wa shaba mwenye pembe ya kunywea mkononi. Watalii humpakatisha watoto wao na kupiga picha. Ni nakala iliyokuzwa ya kijisanamu kilichofukuliwa Vani, magharibi mwa nchi, ambacho wataalamu wa mambo ya kale wanakikadiria kuwa cha karne ya 7 kabla ya Kristo. Wenyeji humwita tamada. Kwetu Dar es Salaam, kwenye makutano yanayojulikana kuliko yote, tangu 1927 amesimama askari wa shaba na bunduki yake. Huko Tbilisi aliyepewa heshima ya shaba ni kiongozi wa karamu, mtu ambaye kazi yake ni kusema.

Georgia ni nchi ndogo, watu wake hawafiki milioni 4, imebanwa kati ya Bahari Nyeusi na safu ya milima ya Kaukazi. Wana lugha yao isiyofanana na ya majirani, na herufi zao wenyewe 33, za mviringo, zinazojikunja kama mashina machanga ya mzabibu. Sikwenda kule kutafuta wasemaji. Nilikwenda kuona mavuno ya zabibu, kwa kuwa nimewahi kuiona mizabibu ya Dodoma na nilitaka kuijua nchi ambayo mabaki yaliyochimbuliwa yanaonyesha kwamba watu wake walikuwa wakisindika zabibu miaka 8,000 iliyopita. Lakini daftari langu, ninapolifungua sasa, limejaa maneno ya watu waliosimama mezani, na zabibu zimepata kurasa chache tu.

Kutoka Tbilisi kwenda Kakheti, mkoa wa mashariki wenye mashamba mengi ya mizabibu, nilipanda marshrutka, gari dogo la abiria lisilotofautiana sana na Hiace zetu, ila hakuna konda na hakuna anayepiga kelele ya kuita watu. Barabara inapanda msitu mpaka mpito wa Gombori, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kisha inateremka na bonde la Alazani linafunguka lote kwa mara moja: mizabibu chini, na ng'ambo ya pili ukuta wa Kaukazi wenye theluji vileleni. Kando ya njia wanauza churchkhela, njugu za jozi zilizotungwa kwenye uzi na kuchovywa mara nyingi katika uji mzito wa maji ya zabibu hadi zinakauka. Zinaning'inizwa nje ya vibanda, na mgeni hudhani ni mishumaa.

Nyumba niliyofikia ilikuwa kijijini, si mbali na Telavi. Uani kulikuwa na kichanja cha mizabibu, na chini yake meza ndefu. Tangu saa nane mchana wanawake na wanaume walikuwa wakiijaza. Mikate mirefu yenye ncha ililetwa ikiwa moto kutoka kwenye tone, tanuri la udongo lenye umbo la mtungi, ambamo mwokaji huinama nusu mwili kuubandika unga ukutani. Zilikuja bilinganya zilizoviringishiwa rojo la jozi na vitunguu saumu, maharage katika vyungu vidogo, jibini, nyanya na matango, majani ya kotmiri na ya rehani yakiliwa mabichi, na nyama iliyotungwa kwenye vyuma, ndugu kabisa wa mishkaki yetu, iliyochomwa juu ya makaa ya matawi ya mzabibu. Nafasi ilipokwisha hawakuondoa kitu. Sahani mpya ziliwekwa juu ya kingo za sahani za kwanza, ghorofa juu ya ghorofa.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba kula kulianza bila shughuli yoyote, lakini kunywa hakukuanza. Bakuli ndogo za udongo zilikuwa zimejazwa na hakuna aliyezigusa. Mvinyo haunywewi mpaka kuwe na neno, na neno halitolewi mpaka kuwe na tamada. Mwenye nyumba alimtaja jirani yake, meza ikakubali, na mambo yakawa yamekwisha: mtu yule alikuwa mtawala wa jioni nzima. Si mzee kuliko wote, wala si tajiri. Ni fundi umeme wa kijiji, mwenye mikono yenye makovu madogomadogo ya kazi. Kijana mmoja alipewa wajibu wa merikipe, yaani mmiminaji, na akaanza kuzunguka na jagi. Mjukuu wa kike wa mwenye nyumba, mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Tbilisi, aliketi ubavuni mwangu kunifasiria.

Niseme la mvinyo mapema, kwa sababu wasomaji wengi wa pwani watakuwa wanajiuliza. Mimi sinywi. Nilimwambia mwenye nyumba tangu asubuhi, naye bila maneno mengi akanijazia bakuli la udongo kama la wenzangu, ndani yake maji ya komamanga. Wengine huwapa wageni wa namna yangu sharubati yao ya majani ya tarkhuna, kijani kama rangi ya dukani. Kitu kimoja tu ndicho nilichoonywa: nisiinue bia, kwani kwa desturi ya zamani bia huinuliwa kumtaja adui, ingawa vijana wa leo hawalishiki sana hilo. Nilichokiona ni kwamba hakuna aliyechunguza kilichokuwa bakulini mwangu, ilhali kila mtu alisikiliza kilichotoka mdomoni.

Tamada alisimama, akainua bakuli, akasema juu ya amani. Dakika moja, labda moja na nusu. Wote wakaitikia gaumarjos, wakanywa, mazungumzo ya kawaida yakarudi, vijiko vikagonga sahani. Baada ya muda akasimama tena: nchi yao. Kisha mara ya tatu: wageni na kukutana kwetu. Ndivyo ilivyokwenda hadi usiku. Kila neno la heri lina mada yake, na mada zina mpangilio unaojulikana na wote, ingawa hutofautiana kidogo kwa mkoa na kwa nyumba: amani, nchi, wageni, wazazi, marehemu, watoto, wanawake, urafiki, mwenye nyumba. Mwisho kabisa, huku Kakheti, huja neno la watakatifu wote, na likishatamkwa karamu imefungwa.

Mgeni anaposikia kwamba mada zimepangwa tangu enzi za babu zao anaweza kudhani atasikia maneno ya kukariri. Neno la wageni lilinitoa wasiwasi huo. Mchana, tulipokuwa tukikata vishada vya zabibu, fundi yule alikuwa ameniuliza maswali mawili matatu kwa ishara na kwa msaada wa binti: mji wangu uko wapi, kunalimwa nini. Nilimjibu Tanga, mkonge, nikamweleza kwamba kamba zake zilifunga vyombo vya baharini. Niliyachukua kuwa mazungumzo ya kupitishia kazi. Sasa alisimama na kusema kwamba kuna watu wawili ambao maisha yao yote wamefunga vitu kwa kamba, mmoja mashua zisichukuliwe na maji, mwingine mizabibu isilale chini, na kwamba leo wamekaa meza moja, na kila mmoja ajue kule kwa mwenzake kuna kitu kimefungwa vizuri. Kisha akaketi.

Binti aliponifasiria nilinyamaza kitambo. Hakuna aliyemwandikia. Hakuwa na karatasi, na asubuhi hakujua kama Tanga ipo duniani. Lakini pia hakuokota maneno hewani. Tangu mchana alikuwa akikusanya, na alijua kwamba usiku utakuja wakati wa wageni, kwa hiyo alijua anakusanya kwa ajili ya nini. Mada ilikuwa imemsubiri. Kilichobaki kilikuwa kuijaza na mtu aliyeko mbele yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuifikiria meza ya kwetu. Katika harusi zetu, sendofu zetu, mahafali na misiba, mshereheshaji hushika kipaza sauti na kusema: sasa tunamkaribisha mjomba atoe neno. Neno la nini? Mjomba anasimama akiwa na dunia nzima mbele yake, na dunia nzima ni kubwa mno kwa dakika tatu. Anashika alichonacho: itifaki imezingatiwa, anashukuru kamati, anaomba radhi kwa muda, anasema ana machache, anasema ana mambo matatu. Akifika la pili ameliacha la kwanza njiani. Sioni kosa lake hapo. Kumtaja mtu kwa cheo na nafasi yake ni adabu yetu, na adabu hiyo naipenda. Lakini tumempa mjomba heshima ya kusimama na tukamnyima kitu cha kusimamia.

Tena tumempa watu wenye njaa. Kwetu, maneno mengi huja kabla ya chakula, au wakati foleni ya chakula inatembea na kila mmoja anaangalia sahani yake itapata nini. Kakheti chakula kipo tangu mwanzo. Msikilizaji ameshiba, na anayesema anasema kati ya tonge na tonge, katika sauti ile ile aliyokuwa akizungumza nayo na jirani yake. Hakuna kipaza sauti. Anayesikilizwa hahitaji kupandisha sauti kwa watu ishirini, na mtu asiyepandisha sauti hawi na haja ya maneno makubwa.

Kuna desturi nyingine ndani ya desturi hii, nayo ndiyo niliyoiandikia kurasa nyingi zaidi. Wanaiita alaverdi. Tamada akishasema juu ya mada, anaweza kumwelekezea bakuli mtu mwingine na kutamka neno hilo, na mtu huyo lazima aendelee. Mada ni ile ile. Haruhusiwi kuileta ya kwake, hata kama moyoni ana jambo zuri kuliko yote. Atalihifadhi mpaka wakati wake ufike, au ataomba ruhusa. Anachotakiwa ni kuongeza. Akirudia alichosema mwenzake meza inahisi, na asiyesikiliza hawezi kuongeza. Kwa hiyo nilishuhudia kitu ambacho sikukizoea: watu waliokuwa wakijua huenda wataitwa, na kwa sababu hiyo hiyo wamemkazia macho anayesema. Kwetu, ambaye jina lake liko kwenye ratiba huwa hasikii aliyemtangulia. Yuko mbali, anapanga yake.

Zamu ya marehemu ilipofika wanaume na wanawake walisimama. Hakuna aliyegonganisha bakuli. Wengine walidondosha matone ya mvinyo juu ya kipande cha mkate. Tamada alisema machache mno, kisha akampa alaverdi mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu jioni. Mzee alisema juu ya kaka yake. Hakusema alizaliwa lini wala alisoma wapi. Alisema kwamba kaka yake alikuwa akitengeneza viatu, na kwamba kila aliporudisha kiatu kwa mwenyewe alikuwa amevipaka rangi vyote viwili, kile kilicholetwa na kile kilichobaki nyumbani, ambacho alikwenda kukifuata mwenyewe, ili visitofautiane. Basi. Akadondosha matone yake na kuketi.

Nimehudhuria mazishi mengi. Wasifu wa marehemu kwetu husomwa kwenye karatasi: mwaka wa kuzaliwa, shule ya msingi, vyeo, idadi ya watoto na wajukuu, ugonjwa ulivyoanza, hospitali alizopita. Ni kumbukumbu ya haki na familia inaihitaji. Lakini habari ya kiatu cha pili huwa haimo. Habari ya kiatu cha pili kwetu husemwa usiku wa matanga, kwenye jamvi, taa ikiwa imetundikwa mlangoni na birika la kahawa likizunguka. Hapo anatokea jirani ambaye hajawahi kushika kipaza sauti maishani mwake, anaanza kwa kusema mnakumbuka siku ile, na kwa dakika nne marehemu anakuwa hai tena. Hakuna aliyemwita atoe neno. Mada ilikuwepo, wasikilizaji walikuwa karibu, na aliyetangulia alikuwa amemfungulia njia.

Ndiyo maana siamini wanaosema Waswahili tumepoteza ufasaha wa papo kwa papo. Uko, ila umekaa mahali ambapo mafundi mitambo hawafiki. Kule Pemba wachezaji wa kibati hujibizana kwa mashairi wanayoyatunga hapo hapo, ngoma ikiwa haiwangojei, na anayejibu lazima ashike alichoambiwa. Wahaya wana majigambo yao, ambapo mtu husimama mbele ya wenzake akajitaja na kuyataja aliyoyafanya kwa mwendo unaojulikana. Mshenga anayekwenda kuposa hana karatasi: anajua tu kwamba ametumwa kutafuta ua katika bustani ya watu, na wenyeji watamjibu kwa fumbo, na yeye atalijibu fumbo. Wasemaji bora niliowahi kuwasikia kwa masikio yangu ni makungwi wa Tanga wakimfunda mwari. Kila mmoja anajua sehemu yake, hakuna anayepita njia ya mwenzake, na yote yanasemwa kwa jina la binti aliyeketi mbele yao. Hata kwenye uwanja mkubwa jambo hili liliwezekana kwa aliyelijua. Anayesikiliza leo hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Mei Mosi 1995, kule Mbeya, atamsikia mtu akizungumza na umati kama aliyeketi na watu wachache barazani, akiuliza swali na kulingojea jibu.

Baada ya marehemu, tamada hakuiacha meza izame. Alimwita mtoto mdogo kuliko wote, msichana aliyekuwa akicheza na paka chini ya meza, akamsimamisha juu ya kiti na kuwatakia heri watoto wote. Nimeelezwa kwamba ndivyo inavyotakiwa: kifo hakiachwi peke yake, mara baada yake huletwa uhai. Huyu ndiye kiongozi wa karamu katika kazi yake kamili. Anachagua nani aseme baada ya nani, anajua lini nyama imeletwa ya moto na neno lazima liwe fupi, anajua nani amechoka, nani ana huzuni asiitwe. Anakunywa kuliko wengi na haruhusiwi kulewa. Kwetu mshereheshaji mzuri anajua vichekesho na anajua kupanga muda. Tunamkodi kutoka mjini, na mara nyingi anasoma majina ya maharusi kwenye kikaratasi. Tamada ni jirani, anazijua nyumba zote za walioketi.

Katikati ya maneno kulikuwa na nyimbo. Wanaume watatu au wanne, bila ala, sauti mbili zikipishana juu ya nyingine nzito isiyokatika chini. Uimbaji huu wa sauti nyingi UNESCO iliutangaza mwaka 2001 kuwa urithi wa binadamu, na wimbo mmoja wa mezani wa Kakheti, Chakrulo, uliwekwa katika rekodi za dhahabu zilizorushwa na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Yuko huko nje ya sayari zote, mtu wa Kakheti akiimba. Lakini faida ya nyimbo mezani niliiona katika jambo la karibu zaidi: zinampa anayefuata muda wa kufikiri. Baada ya neno zito wimbo unalipokea, unalikalisha, na mwingine anapoinuka hakanyagi maneno ya mwenzake yakiwa bado ya moto. Kwetu, baina ya mjomba na shangazi, fundi wa muziki huachia sekunde chache za ngoma kwa sauti ya kupasua, kisha anaikata.

Mimi nilikuwa nimepewa alaverdi mapema, katika zamu ya wazazi. Tamada alikuwa amesema kwamba mzazi ni mtu anayekujua kabla hujajijua. Nilisimama na maji yangu ya komamanga. Nilisema kwamba mama yangu alikuwa akisuka ukili. Nikasita ili binti afasiri. Nikasema kwamba mama hakutuuliza jambo gumu mpaka mikono yake iwe kazini, macho yake yakiwa kwenye ukili, ili tusione haya kumjibu. Nikasita tena. Nikasema kwamba nilikuwa mtu mzima tayari nilipoelewa kuwa mikeka mingine ya nyumbani kwetu ilisukwa kwa ajili ya maswali. Nikawaombea heri wazazi walioangalia pembeni ili mtoto aseme kweli.

Kufasiriwa kulinisaidia kuliko nilivyotarajia. Sentensi lazima iishe ndipo mfasiri aichukue, na anapoichukua unapata pumzi na nafasi ya kuona inayofuata. Huwezi kuanza jambo na kulikatisha kwa jingine, huwezi kusema kwa maana hiyo basi. Nafikiri hata asiye na mfasiri angeweza kujiwekea mmoja wa kimya moyoni. Na aliyenifuata, mwanamume mwenye masharubu meupe, hakuanza na mzazi wake. Alianza na mikono ya mama yangu. Alisema mikono ya mama yake ilikuwa kwenye unga, na kwamba yeye pia alikiri makosa yake yote mbele ya unga. Meza ilicheka, na mtu wa tatu akaanza na unga. Sikuwahi kuona neno langu likienda mbali kiasi kile baada ya mimi kuketi.

Si Wageorgia wote wanaoipenda desturi hii. Baadhi ya watafiti wao wanasema utaratibu huu mkali, kwa umbo lake la leo, ulijengeka hasa katika karne ya 19, nchi ikiwa chini ya dola ya Urusi, watu wakatafuta mezani heshima waliyoikosa kwingine. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, vijana wasomi waliilaumu kuwa ni maneno matamu yanayopoteza wakati na afya. Binti mfasiri alikuwa na lawama yake: kwa kawaida tamada ni mwanamume, na wanaume husimama wakawasifu wanawake ambao muda huo wako jikoni. Nililiona hilo kwa macho yangu, bibi wa nyumba ile aliketi mara chache mno. Lakini binti aliongeza kwamba mjini, miongoni mwa wenzake, wasichana sasa wanaongoza meza, na yeye mwenyewe amekwisha kuongoza. Alipopewa alaverdi usiku ule katika zamu ya urafiki alisema kwa utulivu wa mtu aliyekulia chini ya meza ile, akisikia.

Nadhani hapo ndipo penye shule. Asubuhi ya pili fundi umeme alinionyesha marani, chumba cha mvinyo, ambamo qvevri, mitungi ya udongo inayomzidi mtu kimo, imezikwa ardhini mpaka shingoni. Njia hii ya kusindika iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2013. Nilimwuliza alijifunza wapi kusema. Hakuelewa swali. Kwa kusaidiwa na binti alijibu kwamba alianza akiwa mmiminaji. Anayezunguka na jagi hana ruhusa ya kusema, lakini yuko nyuma ya mgongo wa kila anayesema, miaka na miaka. Anaona nani anasikilizwa na nani anaachwa. Kuhusu siri nyingine hakuwa na maelezo marefu. Huanza kwa kumtazama mtu mmoja tu. Hutafuta kitu kimoja cha mtu huyo kinachoweza kushikwa kwa mkono. Na akishakisema huketi, hata kama amebakiwa na kingine, kwa sababu kuna alaverdi, na kilichobaki mwingine atakisema.

Harusi ya binti wa dada yangu iko karibu, nami ni mjumbe wa kamati. Nimepeleka ombi kwenye kundi letu la WhatsApp: katika ratiba, mbele ya kila jina la msemaji, paandikwe jambo moja. Mjomba aseme juu ya nyumba aliyokulia bibi harusi. Rafiki wa bwana harusi aseme juu ya uaminifu, na anayefuata aendelee hapo hapo alipoachia. Chakula kiwe mezani kwanza, na kati ya msemaji na msemaji tuwaombe wale akina mama wa taarabu wa mtaani kwetu waimbe ubeti mzima. Mwenyekiti ameuliza itifaki itakaa wapi. Nimemjibu kwamba mshereheshaji aitamke mwanzoni, mara moja, kwa niaba ya wote. Bado tunajadiliana. Shangazi mkubwa, ambaye kila mwaka huombwa atoe neno na kila mwaka husema ana machache, amenipigia simu kuniuliza yeye amepangiwa jambo gani. Nimemwambia ni mikono ya mama yake. Alikaa kimya kwenye simu, kisha akaanza kunisimulia, nikamwomba aniwekee mpaka siku hiyo.